Pumzi ya Baba Yetu, Wattie Telfer

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ya theluji ya mwisho, kondoo wakiwa wameanza kuzaa. Mama bado husema, "Funga mlango, Wattie, upepo," kisha huinuka akaufunga mwenyewe. Nasi hujifanya hatukusikia.

Tunakukumbuka ukishuka kilimani na mwanakondoo ndani ya koti, kichwa chake kikichungulia chini ya kidevu chako. Mbele ya watu hukuwa msemaji, lakini na kondoo ulizungumza kutwa. Ulikula haraka, ulilala haraka, ila zumari yako ya kiriba, mfuko wa ngozi uliochomekwa mirija, uliifuta taratibu, mrija mmoja baada ya mwingine, kabla hujaketi mezani. Mama akilalamika kwamba supu ya kondoo na shayiri inapoa, ulimjibu, "Supu ikipoa hupashwa moto. Mti wa zumari ukipasuka ndiyo basi."

Tunakumbuka ulivyomjua Elspet, kitinda mimba wako. Wageni wakiingia, yeye alikuwa nyuma ya pazia. Hukumkemea hata siku moja. Kwenye maonyesho ya wachungaji ulimsimamisha mgongoni kwako, chini ya ile mirija mikubwa inayonguruma begani, ukamwambia, "Kaa hapa. Hapa hakuna mtu atakayekuuliza kitu, na ukijibu hatasikia." Leo Elspet amemaliza chuo, anafundisha watoto wa watu, lakini anasema hajapata tena maficho mapana kama yale.

Na nani atakukumbuka wewe asimkumbuke Cuddy Hedley? Seremala wa ng'ambo ya kijito, mpiga zumari ndogo ya huku kwetu Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, ile isiyotiwa mdomoni. Mpigaji hufunga mvukuto mdogo kwapani, akausukuma kwa kiwiko, upepo ukaingia kiribani. Wewe ulivuka mpaka kutoka Uskoti kwa ajili ya Mama, ukaja na zumari kubwa, inayotaka kifua cha mtu na mashavu ya mtu. Tangu siku hiyo kati yenu hapakuwa na amani wala ugomvi.

"Mimi napiga kwa pumzi aliyonipa Mungu," ulimwambia mbele za watu. "Wewe wapiga kwa kwapa."

"Kwapa langu lina adabu, linajua kunyamaza," akajibu Cuddy. "Hilo dubwana lako likishaanza halina nukta. Kama mwenyewe."

"Basi toka nje upige, tukusikie."

"Kondoo wako wamehamia bonde la pili, Wattie. Unadhani wamefuata majani?"

"Haya, wazee wazima!" Mama alikatiza, akaweka mezani mikate ya zabibu kavu iliyotoka kikaangoni, siagi ikitiririka. Hapo mlitulia, kwa kuwa midomo ilikuwa na kazi nyingine.

Lakini kwa urafiki wote ule hamkuwahi kupiga wimbo mmoja pamoja. Zumari zenu hazikukubali. Yako iliimeza ya Cuddy, na hata ukijizuia, sauti zake zilikaa kwake na zako kwako. Siku ya maonyesho wewe ulipiga uwanjani, yeye hemani. Aliyemaliza kwanza alikwenda kumsikiliza mwenzake, akisimama kando kama mtu anayepita tu.

Kisha vumbi la nyasi kavu, ulilolivuta ghalani kila majira ya baridi ya maisha yako, likafanya kazi yake. Daktari alisema mapafu yamekakamaa na hayatalainika tena. Uliacha kupiga ukitembea. Baadaye ukaacha kupiga umesimama. Mwishowe ukaiweka zumari juu ya kabati, ukasema imechoka. Hatukukubishia. Mashine ya oksijeni ikaletwa sebuleni, ikawa inavuma mvumo mmoja usiokatika. Ulisikiliza, ukasema neno kwa neno, "Hata hii… ingefaa… ina mvumo. Imekosa… vidole."

Cuddy akapotea. Tulidhani anaogopa kukuona, kama walivyoogopa wengine. Kumbe alikuwa kwenye karakana yake. Alipokuja, alibeba kitu ndani ya blanketi, akakiweka mapajani mwako.

"Nini hiki?"

"Zumari. Matundu nimeyapanga kama ya kwako, vidole vyako vitajua njia. Sauti ni ya chini, itakaa na yangu. Upepo ni wa mvukuto."

"Wa kwapa."

"Wa kwapa, ndiyo. Karibu kwa waungwana." Cuddy alikuwa akitazama kofia yake. "Tupige pamoja, Wattie. Walau mara moja, kabla…"

"Kabla ya nini?"

"Kabla sijazeeka."

Ulicheka mpaka ukakohoa, ukakohoa mpaka Mama akaja mbio. Tangu saa ile sote nyumbani tulitaka jambo moja tu: wimbo mmoja, nyinyi wawili, pumzi yako ingalipo.

Hatukujua kwamba mdomo wa mpigaji haukubali kustaafu. Ulifungwa mvukuto, ukasukuma kiwiko, sauti ikatoka tamu. Na papo hapo mashavu yakakuvimba. Ulipuliza, Baba. Ulipuliza hewani, pasipo na mrija wala kitu, kwa sababu vidole vikigusa matundu kifua chako kilijua kazi moja tu. Pumzi uliyokuwa huna uliimwaga sebuleni.

"Usipulize, Wattie."

"Sipulizi."

"Unapuliza! Mashavu kama chura."

"Ndivyo… yalivyo… mashavu yangu."

Mama akakupa kijiko ukiume. Ukapuliza kandokando ya kijiko. Tulicheka, nawe ukacheka, kisha tukaiona midomo yako imekuwa ya buluu. Kila mara ilikuwa hivyo. Kile kilichotengenezwa kikuhifadhie pumzi ndicho kilichokuwa kikiimaliza, na hapakuwa na wa kulaumiwa. Gavin, mwanao mkubwa, alisema tuifiche zumari ile. Ulimtazama tu, akarudi kukaa.

Cuddy akafikiri, akaenda, akarudi na mrija mrefu zaidi wa kuunganisha mvukuto na kiriba. Kiwiko chako akakipumzisha. Mvukuto akampa Elspet.

"Vukuta wewe, mwanangu. Taratibu, kama unamlaza mtoto."

"Nikikosea, Mjomba Cuddy?"

"Utakosea. Endelea tu."

Basi ilikuwa alasiri, jua dogo la baridi likiwa dirishani. Elspet alikaa kwenye kigoda ubavuni kwako. Mama alisimama nyuma ya kiti, viganja vyake viwili juu ya mashavu yako, ili yakitaka kuvimba yakumbuke. Cuddy alikaa mbele yenu na zumari yake ndogo. Mkaanza ule wimbo wa zamani wa wachungaji unaopigwa pande zote mbili za mpaka, wenye sehemu mbili, ya kupanda na ya kushuka.

Mlipanda pamoja. Cuddy alidondosha noti zake moja moja, kama njegere zinazoangukia sahani, nawe ukazizungushia zako ndefu. Haikumezwa sauti ya mtu. Tulikuwa tumewasikia maisha yetu yote, mmoja nje, mmoja ndani, na hatukujua kwamba wimbo ule ulikuwa nusu nusu muda wote huo. Gavin aligeukia ukutani.

Elspet alivukuta. Alikuwa karibu kuliko sisi, na chini ya muziki alikuwa akikisikia kifua chako kikikwaruza, kikitafuta, kikikosa. Mkononi mwake upepo ulikuwa tele. Angeweza kuijaza nyumba nzima. Alisukuma, kiriba kikajaa, zumari ikaimba, na wewe uliyekuwa inchi moja kutoka mkono wake hukupata hata tone. Alitamani kuacha. Aliogopa kuacha. Akaendelea, machozi yakimdondokea mvukutoni, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichoambiwa afanye.

Pale wimbo unapogeuka ili ushuke, vidole vyako vikateleza. Ukavishusha mapajani. Cuddy naye akanyamaza.

"Malizia wewe," ulimwambia.

"Malizia mwenyewe. Nakungoja."

"Nimechoka, bwana."

"Pumzika basi. Haraka ya nini?"

Ukasinzia pale pale, viganja vya Mama vikiwa bado mashavuni mwako. Tukasema, kesho. Kesho yake hukuweza kuketi, na kesho zilizofuata zilikuwa chache.

Tangu hapo Cuddy huja Jumapili, huning'iniza koti lake, hufunga mvukuto kwapani. Hupiga ile sehemu ya kupanda. Akifika pale wimbo unapogeuka, husimama. Mwanzoni tulidhani ni kilio kimemkaba. Juzi Elspet alijikaza akamuuliza.

"Mjomba Cuddy, kwa nini humalizi?"

"Nilimwambia namngoja."

"Lakini, Mjomba…"

"Najua, mwanangu. Najua vizuri sana."

 Elspet akamsogezea kiti karibu na moto. Mama akamimina chai. Tuliketi wote tukiwa kimya, Baba, na kimya chenyewe kilikuwa na urefu ule ule wa sehemu ya wimbo iliyobaki.

Unakumbukwa na mkeo mpendwa Agnes. Wanao Gavin na Elspet. Mkamwana wako Morag. Dada yako Jean aliyebaki ng'ambo ya mpaka. Wachungaji wa bonde lote. Na Cuddy Hedley, aliyekataa kuandikwa miongoni mwa marafiki. Amesema aandikwe mpinzani.

Hutatoka mioyoni mwetu, Baba, maadamu tunapumua.