Paa niliyemfuata kwenye mvua

Papa mupenzi,

Jambo sana. Mguu wenu unaendelea aje?

Jumamosi nilienda kuwinda peke yangu, msitu wa mbali kidogo na Bruxelles. Baridi, ukungu, mvua tangu asubuhi. Nikampiga paa, lakini vibaya. Akakimbia na risasi yangu tumboni. Bon, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, gari lilikuwa karibu, na hakuna mtu aliyeniona. Nikaingia garini nikitaka kuondoka, nikakaa kidogo. Kisha nikashuka.

Nilifuata damu kwenye majani, mvua ikiifuta mbele yangu. Baada ya saa mbili nikamkuta amelala, angali anapumua, ananitazama. Nikamwambia, "Unisamehe, nimekuchelewesha." Nikammaliza.

Jana nilipeleka paja kwa Maman Furaha, jirani yangu anayesuka nywele mtaani Matonge. Akacheka kwa furaha, halafu akaniangalia: "Nyama yote hii, na wewe hufurahi?"

Papa, siku zile mulikuwa munarudi kutoka kuwinda porini mumechelewa, hamutaki kula wala kuongea, sisi watoto tulidhani mumetukasirikia, tunawakimbia. Leo ningekuja tu kukaa karibu yenu.

Mungu awape usingizi muzuri. Mumubusu Mama.

Mutoto wenu,
Bahati