Bertin amefuta video ya Éphraïm

Martine, uko pale? Siwezi kungoya. Leo Bertin ametuharibishia roho!

Unayua ile video ya ndoa ya kule Kapolowe, kwenye marehemu Éphraïm anabariki binti yake? Carmel, mujane yake, iko na ile moya tu ya kusikia sauti ya bwana yake. Asubui akaweka flashi yenye ile video mu lecteur ya televizyo yetu: sauti inatoka, picha hakuna. Akaita Bertin, mudogo ya Éphraïm.

Bertin hata hakuuliza kitu. "Iko na virusi," njo akafuta yote ku flashi. YOTE, Martine!

Carmel akamuambia: "Umefuta bwana yangu?"

Yeye anacheka, anamujibu shemeji yake: "Belle-sœur, ni fichier tu, faili moya."

Fichier tu!! Yaya yake mwenyewe, mukubwa wake wa tumbo moya!

Carmel akamunyanganya flashi, tukakimbia kwa fundi wa pale soko. Fundi akairudisha. Akasema hakukuwa na virusi, ni lecteur yetu tu haiwezi kusoma aina ile ya video. Akaigeuza format, basi, shida ikaisha!

Sasa tuko tunaangalia. Éphraïm amesimama, mukono ku kichwa ya binti yake. Carmel analia sana.

Bertin naye amekuya, anapiga hodi, ati anataka kuona yaya yake. Carmel ameongeza sauti ya video. Mulango hajafungua.