Moshi wa Mashine ya Adhel

Jumanne, 13 Januari 2026 – Kakuma

Adhel amepiga simu akilia. Mdogo wangu si mtu wa machozi, hata siku ya kupanda ndege kwenda Kanada hakulia. Ile mashine ya joto iliyo nje ya nyumba yao inatoa moshi. Amenionyesha kwa video: sanduku kubwa lenye feni, limekaa kwenye theluji. Feni ikasimama ghafla, mashine ikakoroma, halafu moshi mweupe ukapanda mpaka dirishani. Ndani nako upepo wa moto ukageuka baridi.

Nikamwambia azime. Akazima, moshi ukaisha.

Mama ameniuliza Adhel anasemaje. Nimesema wanasalimia. Ndiyo maana haya nayaandika kwa Kiswahili, Mama hakisomi.

Alhamisi, 15 Januari

Imerudia. Na kila ikianza moshi Adhel anaizima, kama nilivyomwambia. Mumewe, Makuei, amesikia kwa wenzake wa kiwanda cha nyama kwamba ni kawaida, waiache. Kawaida! Jirani yetu hapa kambini naye alisema moshi wa jenereta yake ni kawaida, akaendelea kuchaji simu za watu. Ikaungua safu nzima ya nyumba. Adhel ana kovu la moto ule mkononi mpaka leo.

Nimemkumbusha aliyemtoa ndani siku ile ni mimi, si Makuei. Kisha akasema, sawa dada.

Mwenye nyumba wao amesafiri, hapokei simu.

Hapa jua linapasua mabati. Nimelowa jasho, na ninachowaza ni mtoto wa Adhel anayetetemeka. Mtu akinisikia atasema nimechanganyikiwa.

Jumamosi, 17 Januari

Nyumba inazidi kupoa. Hata mashine ikiwaka, upepo wake ni vuguvugu tu, na lile sanduku la nje limevaa barafu pande zote. Ayuen analala na kofia na soksi juu ya soksi. Mtoto wa miezi mitano! Nimemsikia akikohoa kwenye simu. Kikohozi kikavu.

Ugali umenishinda.

Jumapili, 18 Januari

Kanisani. Nimemwambia Mama mtoto ana mafua kidogo. Ameomba kwa sauti mpaka watu wakageuka. Nimeona aibu – anaombea kitu asichokijua.

Jumatatu, 19 Januari – Lodwar

Nimekuja kuchukua samaki wa biashara yangu, wale wanaotoka Kerio, ziwani. Kufika kwenye stoo ya baridi, ndani kimya. Feni hazizunguki, maji yanachuruzika kwenye bomba la nje. Nikajua samaki wameoza. Nikamwita Ebenyo, fundi wa stoo.

Tukasalimiana kwa Kiturkana, ejok, ejok. Halafu akasema: "Ngoja kidogo, mama samaki. Hii inajiyeyusha."

Nikamwuliza inajiyeyusha vipi, na kazi yake ni kugandisha. Akasema mabomba yakiwa baridi sana yanashika unyevu wa hewa, unyevu unakuwa barafu, na barafu ikijaa upepo haupiti. Basi mashine inasimamisha feni yenyewe, inajipasha moto, inamwaga barafu, inarudi kazini. Hakuna kilichoharibika.

Nikatoa simu, nikamwonyesha video ya Adhel. Akaiangalia, akairudia.

"Hiyo si moshi," akasema. "Hiyo mvuke. Barafu inatoka."

Akaniambia mashine ile inavuta joto kutoka nje, hata kwenye baridi ya theluji. Ili ilivute, mabomba yake ya nje lazima yawe baridi kuliko hewa yenyewe, kwa hiyo yanaganda. Yakiganda, mashine inageuza njia ya gesi kwa muda mfupi: inachota joto la ndani, inalipeleka nje kuyeyusha. Ndiyo maana ndani panapoa kidogo. Ikimaliza, inageuka tena.

"Wanaiachanga imalize?"

Nikasema wanaizima.

"Nani aliambia wao wazime?"

Nikasema sijui.

"Basi barafu inabaki, ingine inakuja juu yake. Mwisho inakuwa jiwe. Waambie waache imalize. Na wasigonge na kitu, watatoboa bomba."

Sijui! Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Kumbe anayemgandisha mtoto ni mimi.

Nimetuma ujumbe wa sauti nikiwa bado mlangoni pa stoo. Tiki moja tu, haujamfikia.

Jumanne, 20 Januari – Kakuma

Tiki moja bado. Makuei naye hapatikani. Samaki nimeuza, sijui hata nilimpa nani wepi.

Jumatano, 21 Januari

Jioni. Adhel amepiga! Dhoruba ilikata mtandao, na Makuei amekwama kiwandani. Ayuen yuko kifuani pake, amefungwa kwa leso yangu ya zamani. Anapumua kwa sauti, lakini ananyonya.

Nimemwambia yote. Kwamba Makuei alisema kweli, na kosa ni langu. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Ameiwasha. Tunasubiri. Simu nimeiegemeza kwenye sufuria, naandika ili mikono ipate kazi. Feni inakwaruza barafu. Inazunguka. Inakwaruza.

Imesimama. Inakoroma.

Moshi – mvuke. Ni mvuke. Mwingi kuliko wa siku ile.

Mama ameingia, sikumsikia. Ameona simu. Anapiga kelele azime, mwambie mwanangu azime! Adhel ameisikia sauti ya Mama. Mkono wake umekwenda kwenye swichi ya ukutani, mkono ule wenye kovu.

"Dada, niiache kweli?"

Nimesema iache.

Mvuke umefunika dirisha, sanduku silioni tena. Mama amenishika bega, kucha zinaniingia. Ayuen anakohoa. Adhel ananitazama mimi, hatazami dirisha, na mkono bado uko ukutani –