Taa za Kinyozi

Nishaondoka. Niko stendi na mkoba wangu. Usinipigie simu, nitatukana mbele za watu.

Mkwe wangu unamjua, yule kinyozi. Daktari alimwambia nami nimekaa palepale: taa za kuwaka na kuzima ndizo zinazomwamshia mjukuu wangu kifafa. Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Leo naingia dukani kwake, kakizungushia kioo chote taa za rangi, zinapepesa kama macho ya mlevi. Na mtoto anacheza kwenye kiti cha wateja!

Nikasema, zima hizo. "Aa, mzee, zinavuta wateja."

Zinavuta wateja!

Hajamaliza kucheka, mtoto akakakamaa, akaanguka. Nikamlaza ubavu, nikamwekea shati langu chini ya kichwa. Mara mama yake kinyozi huyo mbio na kijiko, eti amtie mdomoni. Kijiko! Amvunje meno! Nikampokonya, nikakitupa barabarani.

Na unajua kinyozi aliniambia nini, mtoto angali anatetemeka? "Mzee, wewe mzururaji tu, malezi utayajulia wapi? Mlango ule pale."

Zinavuta wateja, halafu mzururaji ni mimi.

Basi. Nimewaacha hivi: mtoto amezinduka, hana jeraha, amelala mapajani kwa mama yake. Binti yangu analia, hajasema yuko upande wa nani. Yule bibi anatafuta kijiko chake. Kinyozi ananyoa kwa mwanga wa dirishani. Taa zake nimezing'oa, ninazo humu mkobani.