Sikuwa Dodoma

Ulyankulu, Tabora

Dada yangu Agripina,

Shikamoo. Sijui kama utaniitikia safari hii, na ukikataa sina cha kulalamika. Mguu wa mama unaendeleaje? Ameanza kukanyaga chini, au bado anatembelea magongo? Huko Mbinga kahawa imeiva? Huku jua ni kali, miombo imechanua, na mimi naishi.

Dada, siku mama alipofanyiwa upasuaji nilikuandikia kuwa nipo semina Dodoma. Sikuwa Dodoma. Nilikuwa chumbani kwangu hapa hapa, mchana kweupe, nimeziba dirisha kwa shuka. Ulipopiga kutoka wodini niliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza, kisha nikatunga ule uongo. Nikiandika haya uso unaniwaka.

Ilianzia kwenye nyuki. Nilikishauri kikundi cha kina mama kitundike mizinga kumi na minane karibu na shamba la tumbaku, kwa kuwa maji yapo jirani. Mwenye shamba akapiga dawa asubuhi, maua yakiwa wazi, na nyuki wakafa karibu wote. Kwenye kikao nilieleza kilichotokea. Hakuna aliyesema neno. Kile kimya nikakijazia maneno mwenyewe: wananidharau, wanangoja niondoke. Kutoka hapo nikawaza kwamba mimi si afisa nyuki, ni mharibifu tu. Kisha nikakumbuka kila nilichowahi kukosea tangu utoto, na yale mema sikuyaona hata moja. Mtu akinisalimu njiani, nilihisi ananikejeli. Nikaacha kwenda kazini, nikaacha kuoga. Hata simu yako niliona ni ya kunilaumu, na kwamba mama angekuwa salama zaidi nisipokuwepo.

Wiki ya tatu akaja Mama Sabina, mwenyekiti wa kile kikundi, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Burundi. Aligonga mpaka nikafungua. Akaviona vyombo, akaniona na mimi.

"Bwana nyuki," akasema, "tumekukosea nini?"

Dada, nilikosa pa kuuweka uso wangu.

"Siku ile mlinyamaza," nikamwambia.

"Tulikuwa na uchungu wa nyuki wetu. Ungetaka tucheke? Mwenye shamba tumeshamfuata, amekubali kutupa taarifa kabla ya kupiga dawa. Tunakusubiri utuonyeshe pa kuhamishia mizinga."

Kesho yake alinisindikiza mwenyewe zahanati, na huko wakaniandikia barua ya kwenda hospitali Tabora mjini. Niliona aibu kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa akili, nikavuta kofia mpaka machoni. Daktari, mama mmoja mpole, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nani alikwambia hufai?" Nikamtafuta mtu huyo kichwani. Sikumpata.

Akanieleza kuwa huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, na kwamba mawazo ya namna yangu huulisha. Alinipa vidonge na kunitaka niwe na daftari: upande mmoja niandike nilichoona, upande wa pili kile ambacho kichwa kimeongeza. Juzi niliandika: mkuu wangu wa kazi amepita bila kunisalimu. Upande wa pili: amenichoka. Nikajikaza, nikamuuliza. Kumbe jino lilikuwa linamuuma.

Sijapona kabisa. Asubuhi nyingine mwili unagoma. Lakini kazini nimerudi, mizinga tumeihamisha, na mitano imeshaingia nyuki.

Sikuandikii ili ugonjwa unisafishe. Uongo niliutunga mimi, na mama aliingia chumba cha upasuaji akiuliza niko wapi. Naomba unisamehe. Kwake usiseme kitu. Nimepata ruhusa, nakuja mwisho wa mwezi kumwambia kwa mdomo wangu.

Msalimie shemeji, aliyemsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu mahali ambapo ningekuwa mimi. Wasalimie wapwa zangu wote wawili, na baba mdogo, mwambie magoti yake nayakumbuka kwenye sala.

Nikiimaliza barua hii kichwa kinaniambia utaichana kabla hujafika mwisho. Hilo nimeliandika upande wa pili. Upande wa kwanza bado ni mweupe, dada, nakungoja wewe uujaze.

Ni mimi mdogo wako mwenye haya,
Fidelis