Medali za Karatasi ya Chai

Jumatatu, 7 Machi 1977
Mtaa mzima wa Walukuba hakuna mtu wa bahati kama mimi, Barasa. Kiwanda cha chai kimefungwa, wenzangu wanalia, mimi nimeokota masanduku matupu ya chai, ndani yote karatasi ya rangi ya fedha inayong'aa. Nimeendesha lori Mombasa mpaka Kisangani, lakini kazi tamu ni hii: kuangalia watoto wa jirani mama zao wakipanga foleni ya sukari. Leo tumefunika jani la mpapai kwa karatasi, tukasugua kwa kidole. Mishipa yote ikatokea. Watoto walipiga kelele kama vile jani nimelizaa mimi. Na shule niliacha darasa la nne!

Jumatano, 9 Machi
Samaki wa karatasi. Magamba tumepiga kwa ukingo wa kizibo cha soda. Mtoto mmoja alitafuna mkia wa samaki wake. Nafuna, mke wangu, kacheka mpaka kaketi chini.

Ijumaa, 11 Machi
Medali. Kizibo, karatasi juu, uzi, basi. Opio, mtoto wa sajenti, miaka mitano, kajaza kifua mpaka kitovuni. Katoka nje, kampigia mbuzi saluti. Foleni nzima ya sukari ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mjinga. Nchi hii nani hajui kifua cha mtawala gani kimejaa medali namna ile?

Jumamosi, 12 Machi
Sajenti kaja asubuhi, bila kofia, jasho tupu.
"Bwana Barasa, mtoto ameniua. Nani alifundisha hii kitu?"
Wakubwa wameshasikia. Asipopeleka mtu kambini, anakwenda yeye. Nikafungua mdomo. Nafuna akaniwahi: "Ni mimi, afande." Kisha kwangu, chini chini, kwa Kigisu: wewe Mkenya, watakuita jasusi, hata hapo Mafubira hutafika hai. Mimi mwanamke, watanipiga, wataniachilia. Akafunga kitambaa kichwani, akaenda naye.
Nikaufunga mdomo. Mdomo huu, unaobwata kutwa.

Jumatano, 16 Machi
Hakuna habari. Nashinda getini kambini. Askari ananiita bwana, ananiambia rudi nyumbani. Watoto hawaletwi tena. Sajenti akiniona anapita njia nyingine. Namchukia. Najichukia zaidi.

Alhamisi, 17 Machi
Leo wa getini kaniambia nisije tena. Hakuna mwanamke wa jina hilo hapa, alisema. Aliangalia viatu vyake.

Jumapili, 20 Machi. Mbale
Nimekuja kumwambia mama yake. Mkwe hatazamani na mkwewe, kwa hiyo yeye kakaa ndani, nyuma ya mlango, mimi uani nimempa mgongo. Habari yote niliiambia migomba. Kisha akauliza, taratibu:
"Na wewe ulikuwa wapi, baba?"
Pale pale, mama, nilijibu.
Sikumsikia akilia. Baadaye jirani kaniletea malewa, machipukizi ya mianzi, aliyopika mama mkwe. Nimekula yote, sikujua la kufanya lingine. Mvua inanyesha mlimani.
Niliandika kwamba nina bahati. Uongo. Si bahati, nilikuwa na mke.