Mawe ya Ngome Kwenye Ukuta Wetu

Nyumbani,
Nyuma ya ngome kongwe.
Tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. U hali gani, na shemeji, na watoto? Kifua chako kimepona? Mimi mzima wa mwili tu. Mengine soma mwenyewe.

Kaka, tunavunjiwa nyumba. Mwezi uliopita walikuja maofisa wa mambo ya kale kupima ngome na makaburi ya kale, wakaishia uani kwetu. Mmoja akapitisha kidole ukutani jikoni, kwenye lile jiwe lenye maua ya kuchongwa.

"Mzee, hili ni jiwe la lango la ngome. Nani alilileta hapa?"

Unamjua Baba, uongo haumkai mdomoni. "Marehemu baba yangu. Enzi hizo ngome ilikuwa zizi la mbuzi, hakuna aliyeitaka."

Siku ya tatu tukachorewa alama nyekundu mlangoni. Tuhame kabla ya mwezi huu kwisha.

Baba huyu, miaka thelathini anawatembeza wageni ngomeni akiwakemea wasiokote hata kokoto! Sasa vijiweni wanamwita Mwizi wa Mawe. Wanasema ni utani, lakini umemkata maini.

Jumatatu ya wiki iliyopita, natoka kisimani, nikamkuta na tindo na nyundo, anang'oa lile jiwe peke yake alirudishe. Nikapiga kelele, "Baba, acha!" Ukuta ukamshukia kabla sijafunga mdomo. Seremala jirani na mkewe ndio walionisaidia kumfukua. Mguu umevunjika mahali pawili, na ulimi ukafungwa. Anatazama dari tu. Uji namlisha kwa kijiko, nusu unamwagika.

Nimekwenda ofisini kwao mara nne. Wanataka barua ya ruhusa ya kuchukua mawe yale. Kaka, barua ipo! Babu alipewa na mkuu wa wilaya wa enzi hizo, na Mama kabla hajafariki aliniambia uliondoka nayo ndani ya sanduku la vyeti vyako. Itafute. Pekua kila kitu. Najua wewe na Baba hamjasemeshana tangu uondoke, wala sikulaumu. Lakini maji yamenifika shingoni, na sina mwingine wa kumlilia.

Jana nikimgeuza kitandani, alitamka neno moja, la kwanza tangu ukuta uanguke. Lilikuwa jina lako.

Barua usipoiona, njoo hivyo hivyo.

Shangazi anakusalimu. Wabusu watoto. Mungu akufungulie njia upesi.

Mdogo wako akupendaye, anayechungulia barabarani kila gari likisimama,

Kitindamimba